Kuuliza si kusengenya: jibu kwa Papa Neema wa Lancaster

Papa Neema ni mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, na sasa anaishi na familia yake katika kaunti ya Lancaster, Pennsylvania. Ameniandikia barua ndefu. Naifupisha hapa ili wasomaji wengine wajue ninachojibu.

Yeye na mkewe walipokelewa katika kanisa dogo la Wamennonite wahafidhina, wale ambao akina mama hufunika nywele kwa kitambaa cheupe na wanaume huketi upande wao. Alikuwa ameshafanya kazi miaka miwili katika karakana ya seremala mmoja wa kanisa hilo. Anawapenda. Walimtafutia nyumba, na mkewe alipojifungua walileta chakula kila jioni. Mwezi uliopita, ibada ya Jumapili jioni ilipokwisha, wageni na watoto ambao hawajabatizwa waliombwa watoke. Askofu akasoma barua ya sentensi nne ya kijana mmoja aliyekiri kwamba ameanguka katika mambo ya usafi. Washiriki wakaombwa wasimame kuonyesha kwamba wamemsamehe. Wakasimama. Hawakuambiwa lililotokea wala aliyetendewa. Tangu siku hiyo wengine wananong'ona kwamba ni mke wa mtu, wengine kwamba ni mtoto. Papa Neema akamwendea shemasi, akamwuliza kama kuna mtoto aliyeumizwa. Shemasi akamjibu kwa upole kwamba neno likishasamehewa halitajwi tena, na kulifukua ni kusengenya. "Nina mabinti wawili katika shule ya kanisa," anaandika. "Je, mimi ni msengenyaji? Na hawa wazee nitawaaminije?"

Ndugu yangu Papa Neema,

Hapana, hukusengenya. Kusengenya ni kumla mtu nyama akiwa hayupo, mbele ya watu wasioweza kumsaidia yeye wala aliyeumia. Wewe ulimwendea mwenye dhamana, ukauliza mbele yake, ukauliza habari ya usalama wa watoto. Kama hilo ni kusengenya, basi hakuna mzazi aliye salama.

Lakini nisimwonee shemasi wenu. Alichokujibu hakukitunga yeye. Amekirithi, na ukijua kilikotoka utajua pia mahali kilipopinda.

Wamennonite wametokana na watu walioanza Zürich, Uswisi, mwaka 1525, kikundi kidogo kilichobatizana upya kikaitwa Waanabaptisti. Miaka miwili baadaye, mnamo 1527, wakakutana Schleitheim, mpakani mwa Uswisi, wakaandika makubaliano ya mambo saba. Jambo la pili lilihusu namna ya kumrudi ndugu aliyeanguka: aonywe mara mbili faraghani, na mara ya tatu hadharani mbele ya kanisa lote, kwa kufuata Mathayo 18. Hiyo ndiyo siri waliyoijua, siri yenye mwisho. Huanza na watu wawili "peke yenu", ikaongeza mashahidi, na ikishindikana, Bwana anasema "liambie kanisa". Ni ngazi ya kupanda, na kanisa lipo juu yake.

Mwaka uleule Balthasar Hubmaier, mwanateolojia wa Waanabaptisti aliyekuja kuchomwa moto Vienna mwaka 1528, aliandika juu ya kuonyana kwa ndugu. Alizitenga dhambi katika mafungu mawili. Ile ya siri, kati ya mtu na mwenzake, ionywe kwa siri. Ile iliyotendeka wazi na kuwakwaza watu ikemewe wazi, bila kupitishwa kwanza gizani. Na hao wa Schleitheim, walipofika kwenye habari ya mchungaji, hawakumwacha nje ya sheria hii. Mchungaji asishtakiwe bila mashahidi wawili au watatu, lakini akiwa na dhambi akemewe mbele ya wote. Ni maneno ya 1 Timotheo 5, na yana pande mbili. Siku hizi upande wa kwanza nausikia kila mahali. Wa pili hutajwa kwa sauti ya chini sana.

Ilipindaje? Nakuomba uvumilivu kidogo hapa, maana ndiko kwenye kiini.

Tazama jinsi wazee wenu wanavyopatikana. Kanisa likihitaji mhubiri, washiriki huingia mmoja mmoja na kumnong'oneza askofu jina la ndugu wanayemwona anafaa. Ndugu waliotajwa vya kutosha hukalishwa mbele. Mezani huwekwa vitabu vya nyimbo vinavyofanana, idadi yao ikiwa sawa na idadi ya ndugu hao, na ndani ya kimoja kuna kipande cha karatasi chenye mstari wa Maandiko. Kila ndugu huchukua kitabu chake. Askofu hupita akikifungua kimoja kimoja, na karatasi inakoonekana, ndugu huyo huwekewa mikono palepale. Mara nyingi mkewe ameanza kulia. Hii ndiyo kura kwa maana ile ya Matendo 1, kura iliyomwangukia Mathiya, ingawa sisi leo neno hilohilo tunalitumia kwa uchaguzi wa mbunge. Mtu aliyeamka asubuhi akiwa mkamuaji wa maziwa hulala usiku akiwa mhubiri, kwa kawaida bila mshahara, bila chuo, na kwa maisha yake yote.

Mimi naiheshimu njia hii. Imewaepusha na wanaokimbilia uaskofu kwa ajili ya gari na heshima, ugonjwa tunaoujua sana Afrika Mashariki. Lakini ina gharama yake. Mtu aliyechaguliwa na Mungu kwa kipande cha karatasi, nani atamwambia amekosea? Maneno "Watiini wenye kuwaongoza" ya Waebrania 13 huongezewa uzito ambao mwandishi hakuutia. Na wao wenyewe hawana pa kupumulia. Mhubiri wenu hushinda shambani, usiku akapigiwa simu juu ya ndoa inayovunjika, na jambo la kijana aliyemgusa mtoto linapomfikia hana elimu yake hata kidogo. Anashika anachokijua: toba, msamaha, na kunyamaza.

Kuna ukoo pia. Katika makanisa haya watu wameoana kwa vizazi, na mtu huweza kukuta askofu ni mjomba wa mkosaji, shemasi ameoa dada wa mama yake, na mwalimu wa shule ni binamu wa aliyeumia. Kazi ya shemasi, pamoja na kutunza maskini, ni kwenda kuchunguza habari zinapoletwa. Achunguze vipi nyumba anayokula pasaka? Sisemi ni mwovu. Hata mtu mwadilifu akiwekwa hapo macho yake hupata ukungu.

Halafu liko jambo la serikali, na hapa wewe na wao mnafanana kuliko mnavyodhani. Tarehe 5 Januari 1527 baraza la mji wa Zürich lilimfunga mikono Felix Manz, mmoja wa waanzilishi wao, na kumzamisha katika mto Limmat kwa kosa la kubatiza watu wazima. Watu hawa wamelea watoto wao kwa hadithi za namna hiyo kwa karibu miaka 500. Kwao, dola ni upanga wa watu wengine, na 1 Wakorintho 6 inawakataza kumpeleka ndugu mahakamani. Wewe nawe umetoka mahali ambapo mtu mwenye sare si wa kukimbilia. Kwa hiyo mzee akikwambia "tumalizane nyumbani," moyo wako unakubali haraka. Kukubali huko ndiko kunakoniogopesha. Paulo katika sura ile ya 6 anazungumzia ndugu wanaodhulumiana mali na kushitakiana. Hazungumzii mtoto aliyeharibiwa. Sura moja kabla, alipokuta zinaa nzito kanisani, alilitaja kosa lenyewe wazi kwa kanisa zima.

Nimewahi kuulizwa: Paulo naye si alisikiliza maneno ya watu? Alisikiliza. Lakini tazama anavyoandika katika sura ya kwanza ya waraka huohuo: "nimearifiwa habari zenu na wale walio wa nyumbani mwa Kloe". Ametaja alikozipata. Watu wa Kloe walikubali nyumba yao ijulikane, nao walimpelekea habari mtu anayeweza kutenda jambo. Mimi natofautisha taarifa na umbea kwa mambo hayo mawili. Taarifa ina mwenyewe, na inakwenda kwa anayeweza kufanya kitu. Umbea hauna mwenyewe, na unakwenda kokote.

Sasa minong'ono ya kanisani kwenu. Najua mahali inapopita, maana ni palepale siku zote: jikoni baada ya chakula cha pamoja, akina mama wawili wakiosha vyombo na wa tatu akifuta, maji yanatiririka ili wa sebuleni wasisikie. "Nimesikia shangazi yake amemwondoa mtoto shuleni." Sentensi moja tu, sahani inawekwa juu ya nyingine, mtu anaingia, kimya. Wazee huyachukia mazungumzo hayo, huhubiri juu ya ulimi na Yakobo 3, na wana haki kiasi, maana jikoni hapohapo wasio na hatia wamechafuliwa wasiweze kujisafisha. Lakini jiulize kwa nini akina mama wanaongea kwenye beseni la vyombo. Katika makanisa haya mwanamke hazungumzi katika mkutano wa washiriki, au huzungumza kwa nadra sana. Hana mahali pengine pa kuipeleka hofu yake. Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ukiziba mlango wa mbele, habari itapita uani, na huko uani haina wa kuisahihisha.

Mfano mzito kuliko yote ninaoujua ulitokea Bolivia, katika koloni la Manitoba, yaani makazi ya wakulima Wamennonite wa mapokeo ya kale. Kati ya mwaka 2005 na 2009 wanawake na wasichana waliamka asubuhi wakiwa na maumivu, damu, na vichwa vizito, bila kukumbuka kilichotokea usiku. Walinong'onezana. Wakaambiwa ni mapepo, au ni mawazo ya wanawake. Mwaka 2009 wanaume wa koloni lilelile walikamatwa. Walikuwa wakipuliza dawa ya usingizi ya mifugo madirishani na kuwabaka. Mahakama ya Santa Cruz mwaka 2011 iliwafunga saba miaka 25 kila mmoja, na wa nane, aliyetoa dawa, miaka 12. Walioumizwa walizidi 100. Kwa miaka minne ukweli ulikuwa umo katika minong'ono ya wanawake, ukiitwa upuuzi.

Mtu anaweza kusema Bolivia ni mbali. Haya, karibu na ninyi. Shirika la misaada la Christian Aid Ministries, lenye makao Berlin, Ohio, hutegemezwa na Waamish, ambao nao ni uzao wa Waanabaptisti, na Wamennonite wahafidhina, na wengi kanisani kwenu bila shaka wamefunga maboksi yake. Mwaka 2019 lilikiri kwamba baadhi ya viongozi wake walikuwa wamejua tangu 2013 habari za mwenendo wa mfanyakazi wao na vijana huko Haiti, na akaendelea na kazi. Alikuwa ameungama kwao. Mwishoni mwa 2019 mahakama ya Ohio ilimhukumu miaka 9 kwa makosa aliyowatendea watoto nyumbani Marekani. Nataka uone: maungamo yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza watoto wako wapi sasa.

Na usidhani ni ugonjwa wa wasio na elimu. John Howard Yoder, mwanateolojia wa Kimennonite aliyesomwa kuliko wote katika karne ya 20, alikuwa wa upande wa kanisa usiovaa mavazi ya zamani, profesa wa seminari ya Elkhart, Indiana. Aliwadhulumu wanawake kimwili kwa miaka mingi. Mwanahistoria Rachel Waltner Goossen, katika utafiti uliotoka 2015, anaeleza kwamba huenda walizidi 100. Wakuu wa seminari walijua tangu miaka ya 1970, wakalishughulikia kwa barua za siri, na alipoondoka mwaka 1984 sababu haikutangazwa. Jambo linaloniuma ni kwamba Yoder mwenyewe aliitumia Mathayo 18 kama ngao. Alidai wanaomlalamikia waje kwake ana kwa ana, kama Bwana alivyoagiza. Mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu anaambiwa arudi ofisini kwa aliyemshika, peke yake, ndipo atahesabiwa amefuata Maandiko! Gazeti la Elkhart liliandika habari hizo mwaka 1992. Seminari iliomba radhi hadharani 2015, Yoder akiwa amekufa tangu 1997.

Kwa hiyo, "peke yenu" ni maneno kwa ndugu wawili walio sawa, ambao mmoja amemkosa mwenzake. Hayakuwekwa kwa ajili ya mtoto na mtu mzima.

Nitetee na upande wa pili, maana nisipofanya hivyo nitakuwa nakutia chuki tu. Ipo siri inayofaa. Msichana aliyeumizwa ana haki ya kutotajwa jina mbele ya watu 90 watakaokutana naye dukani. Kijana aliyekosa miaka mingi iliyopita na mtu mzima mwenzake, akatubu, hastahili kusomewa hadithi yake yote. Mzee anayejua ukweli mara nyingine hukaa kimya akichafuliwa, kwa sababu akijitetea atamfunua aliyemwamini. Na sisi Waafrika Mashariki tunajua kosa la upande ule mwingine. Uamsho ulipoingia Shirati, mkoani Mara, Tanzania, mwaka 1942, katika kanisa lililopandwa mwaka 1934 na wamisionari waliotoka hukohuko Lancaster, watu waliungama hadharani kwa machozi, wakaita kutembea nuruni. Uliponya mengi, ukawashusha hata wamisionari wakapiga magoti pamoja na wenyeji. Lakini popote maungamo ya wazi yalipozoeleka, hawakukosekana walioungama dhambi za wenzao kuliko zao. Siombi hilo liletwe kwenu. Sitaki ujue kilichotendeka kitandani mwa mtu.

Unachopaswa kujua ni kidogo, na mzee mwaminifu anaweza kukujibu bila kumfunua mtu. Je, aliyeumizwa ni mtoto? Kama ndiyo, je, serikali imearifiwa, na ni nani aliyearifu? Huyo kijana anakaribia shule, darasa la Jumapili au nyumba zenye watoto? Kuna mama mzima, asiye wa ukoo wake, aliyezungumza na aliyeumizwa? Nani nje ya wazee wenu wenyewe amelitazama jambo hili? Mnaweza kumwita askofu wa wilaya jirani, desturi hiyo ipo. Nenda kwa askofu, nenda na mkeo, mbali na jikoni, uketi na askofu, umwulize hayo kwa maneno yako. Usipeleke minong'ono kama ushahidi. Mwambie: nimesikia haya, siyajui, ndiyo maana naja kwako.

Akikujibu, hata kwa kusema "ndiyo, ni mtoto, tumepiga simu, hatakaribia shule," utakuwa na msingi wa kumwamini kuliko uliokuwa nao kabla. Imani kwa kiongozi haijengwi kwa kuambiwa uamini. Na akikwambia hawakupiga simu kwa kuwa alitubu, jua kwamba sheria ya Pennsylvania inawahesabu viongozi wa dini miongoni mwa watu wanaolazimika kutoa taarifa wakishuku mtoto amedhulumiwa. Iko nafasi finyu kwa ungamo la siri, lakini haimzuii mtu mwingine yeyote. Wewe mzazi unaruhusiwa kupiga ChildLine, 1-800-932-0313, mchana au usiku. Huhitaji uthibitisho wa mahakamani, wala ruhusa ya kanisa, wala kutaja jina lako. Waombe mkalimani wa Kiswahili. Waeleze ulichokisikia na ulikokisikia, usiongeze neno. Wanaochunguza ni wao.

Kabla ya yote hayo, leo jioni, wewe na Mama Neema ketini na mabinti. Msiwatajie kijana huyo. Waambieni mwili wao ni wao, na hakuna siri ya mtu mzima wanayopaswa kuwaficha baba na mama, hata mtu huyo akiwa wa kanisani, hata akisema Mungu ameshasamehe.

Kuhusu msamaha uliousimamia, hukutenda dhambi kusimama. Lakini msamaha ulioombwa siku ile ulikuwa wa aliyeumia kuutoa, naye pengine alikuwa ameketi palepale, au alikuwa ametolewa nje pamoja na watoto wasiobatizwa. Kanisa laweza kumrudisha mtu kundini. Haliwezi kusamehe kwa niaba ya mtoto, na msamaha haufuti tahadhari.

Jambo la mwisho, ambalo nadhani wengi wenu mnalipita bila kuliona. Kabla ya Meza ya Bwana, majira ya kuchipua na majira ya vuli, mnakuwa na mkutano wa kuulizana amani. Kila mshiriki huulizwa kama ana amani na Mungu, na kanisa, na jirani yake, na karibu kila mtu hujibu "ninayo" kwa mazoea. Swali hilo liliwekwa na wazee wao kwa siku kama hizi zako, na wamewahi kuahirisha meza kwa kutoelewana juu ya kanuni za mavazi. Ikifika zamu yako na hujajibiwa, sema kwa sauti ya kawaida, bila hasira: "Ndugu, nawapenda, lakini sina amani bado. Nimeuliza kama watoto wetu wako salama, na sijapata jibu." Kisha uketi.